Mhoja Kasema

Ijumaa, 9 Juni 1995. Nyegezi.

Daftari hili nililinunua la kuandikia nyimbo. Sasa litaandika kitu kingine. Naanza leo, na sitalifunga mpaka Maige alie mbele za watu.

Nilikuwa natoka kununua mapanki ya mboga, yale mifupa ya sangara yanayobaki viwandani, nikapita kibanda cha kanda pale karibu na stendi. Spika inalia. Nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanitukana. Besi yangu! Mkono haukuwa wangu, mkono wa mtu wa Dar, mkavu kama ugali wa jana, lakini besi ni yangu. Halafu ikaingia sauti ya Maige: "Mpini umevunjika, shamba halijaisha. Nani kasema? Maige kasema!"

Maige kasema! Shenzi kabisa.

Nikamwambia muuzaji anioneshe kasha. Picha ya Maige, kaegemea gari la watu, rasta zimemwagika mabegani. Chini wameandika: Maneno na muziki, Ras Maige. Muuzaji akaniuliza kama nanunua, maana zimebaki tatu tu. Nikamrudishia kabla sijaivunja.

Huyu Maige ndiye mwimbaji wetu wa Miamba Roots. Mimi napiga besi. Mwezi wa tatu alituaga kwamba anakwenda Dar kumwuguza mjomba wake. Tukamchangia nauli! Mimi nilitoa hata soksi zangu nzuri. Akarudi, akasema mjomba kapona. Kumbe mjomba ni studio.

Wimbo ule ni wa kwetu Nyamizeze, ng'ambo huko Sengerema. Aliyeutunga ni mama yangu mzazi, Mhoja, kabla mimi sijazaliwa, akiongoza kikundi cha kulima. Yeye anatupa mstari, wakulima thelathini wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Na kwetu mtunzi hujitaja ndani ya wimbo wake. Karatasi hana, muhuri hana, hati yake ni jina lake. Mama akiuliza "Nani kasema?", wakulima wanajibu "Mhoja kasema!" na jembe linaingia ardhini. Besi yangu nimeitoa kwenye itikio hilo hilo, noti kwa noti. Niliuleta mwenyewe kwenye bendi mwezi wa pili, mazoezini. Jina lililokuwa pale Maige kalitoa, kaweka lake.

Kumwondoa mtu kwenye wimbo wake akiwa hai ni kumzika huku anatazama. Utalipa, Maige. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi ndiye nitakayekulipa.

Jumapili, 11 Juni.

Nimemkabili leo pale Buhongwa, nyuma ya baa, kabla hatujapanda jukwaani.

"Maige, ule wimbo."

"Upi?"

"Usinifanye mtoto."

Akanishika bega. Ana tabia ya kumshika mtu bega anapotaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Shigela, mshikaji wangu, usiwe na hasira. Muziki wa Jah ni wa wote. Kanda ya pili nitakutaja, haki ya Mungu. Nitasema kabisa kwamba Shigela naye ana mkono wake humo."

Nikachukua gitaa la besi. Tukapanda, nikapiga, watu wakacheza. Nilikuwa natazama kisogo chake muda wote.

Jumanne, 13 Juni.

Queen kaniuliza kwa nini siondoki. Queen ndiye anayemwitikia Maige jukwaani, msichana mwenye sauti nzuri na maswali mengi. Nikamwambia niondoke niende wapi? Katika mji huu mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Gitaa la besi si langu. Spika si zangu, hata waya wa kuchomeka si wangu. Vyote ni vya Mzee Josephat, aliyetajirika kwa kuuza mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, tangu milango ya biashara huria ilipofunguliwa, akajenga baa, akanunua vyombo, akatuokota sisi. Nikiondoka naondoka na vidole vyangu kumi. Kabla ya bendi vidole hivi vilikuwa kwenye kiwanda cha minofu, vikinuka samaki mpaka kanisani.

Sababu ya kweli sikumwambia. Ukitaka kumchoma mtu lazima usimame karibu naye.

Alhamisi, 15 Juni.

Umeme hakuna. Mazoezi hakuna.

Jumamosi, 17 Juni.

Maige hunywa chai ya tangawizi kabla ya kuimba. Leo nimeitia pilipili kichaa, vijiko viwili. Nikajua sauti itakatika, watu watamzomea.

Loo! Machozi yakamtoka, makamasi yakamtoka, akaimba wimbo wetu mmoja wa wafungwa kwa kilio cha kweli, na baa nzima ikasimama. Mama mmoja muuza nyama choma aliacha jiko akaja kumfuta uso. Mzee Josephat kasema hajawahi kuona kijana anayeimba kwa uchungu namna ile.

Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 23 Juni.

Watu sasa hawaombi wimbo mwingine. Tukianza tu wanapiga kelele, "Maige kasema! Maige kasema!" Na Queen anaitikia, tena kwa tabasamu. Leo nimemwambia kwamba hana aibu.

"Kaka Shigela," akasema, "mimi naitikia ninachoambiwa. Mwezi wa pili niliambiwa hivi, sasa naambiwa vile. Nyie wanaume pataneni kwanza."

Mnafiki. Naye nimemwandika.

Jumapili, 2 Julai. Nyamizeze.

Nimevuka jana kuja kumwona mama. Ni wakati wa pamba, uwanja mzima mweupe, kuku wanafukuzwa kutwa. Nimemkuta kakaa kwenye gunia anachambua, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunyanyua uso. Kwa kawaida mama akiniona hupiga vigelegele mpaka majirani wanatoka. Nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Tukachambua mpaka jua likasogea, ndipo akasema.

"Hawa wanunuzi wapya wa pamba wamekuja na lori lenye redio. Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya mzani, gunia kichwani. Nikasikia wimbo wangu. Nikafurahi, ng'wanone, mwanangu! Nikawaambia wenzangu, nyamazeni, sikilizeni, huyo ni mimi. Nikasubiri jina langu. Likaja la mwanaume."

Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Wenzangu wakanitazama kama msiba," akasema. "Paskazia akanishika mkono, akaniambia pole. Pole ya nini? Nimekufa? Huyo Maige ni mtoto wa nani? Ukoo gani?"

"Ni mwimbaji wetu, mama. Ameuiba."

"Aliusikia wapi?"

"Kwangu. Nikiupiga."

Hapo ndipo aliponitazama. "Na ulipokuwa ukiupiga, ulikuwa unasema nani kasema?"

"Besi haitaji majina, mama," nikamjibu. Na ni kweli, besi haitaji.

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye pamba. Mama yangu kalima mashamba ya watu miaka arobaini. Hana nyumba ya bati, hana ng'ombe wa kuhesabika, mume alimkimbia. Alichonacho ni kwamba kuanzia hapa mpaka Busisi mtu akishika jembe anamtaja. Sasa watoto wanaocheza nje ya uwanja huu wanaimba Maige kasema. Nimewasikia kwa masikio yangu, nikawafukuza kwa fimbo.

Nimemwahidi mama kwamba jina lake litarudi. Akasema, "Tutaona."

Maige, nakuchukia mpaka meno yananiuma.

Jumatano, 5 Julai.

Mungu yupo! Sikilizeni.

Mzee Josephat katuita wote leo, kavaa suti yake ya kahawia. Anataka kutupeleka kushindana na Dhahabu Sound, wale jamaa wa Geita wenye spika nne. Na si mashindano ya ukumbini. Anataka yawe kama ngoma za mavuno, kama vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu: uwanja mmoja, pande mbili, wakati mmoja. Bendi hii huku, bendi ile kule, zote zinapiga kwa pamoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi.

"Vijana, hapa hakuna jaji," akasema. "Jaji ni miguu. Na mkishindwa, vyombo nauza. Nimechoka kulisha watu wanaopiga kelele. Nitanunua majokofu ya samaki, yenyewe hayaombi nauli."

Muhidin, mpiga dramu wetu, akauliza ni uwanja gani. "Jumapili ya tarehe kumi na tatu Agosti," akasema mzee, "Nyamizeze. Watu watakuwa wameshauza pamba, wana furaha."

Nyamizeze! Kwetu! Nilikohoa ili wasione ninavyocheka.

Ijumaa, 7 Julai.

Nimepata namna. Ni nyepesi mpaka naona aibu kwamba ilinichukua mwezi mzima.

Besi hakuna anayeisifia. Mtu akitoka kwenye dansi anasema mwimbaji mkali, gitaa kali, yule dada anajua kukata nyonga. Sijasikia hata mlevi mmoja akisema besi kali. Lakini kwenye rege itoe uone. Gitaa linabaki kukwaruza, mwimbaji anakuwa kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni. Na wimbo wa mama ndio mbaya zaidi, kwa sababu pale Maige anapouliza "Nani kasema?" kila kitu kinanyamaza isipokuwa dramu na mimi. Mimi ndiye jibu.

Basi tarehe kumi na tatu, mbele ya kijiji kizima, mbele ya mama, Maige atauliza nani kasema na mimi nitaweka kiganja juu ya nyuzi. Jibu halitakuwepo. Ataning'inia pale mdomo wazi. Watu watageuka waende upande wa Geita, na mzee atauza vyombo, na Ras Maige atarudi kwao kuchunga.

Nami nitarudi kwenye minofu. Sawa tu. Heri ninuke samaki.

Jumatatu, 10 Julai.

Vumbi. Upepo wa ziwa kutwa nzima. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza.

Jumamosi, 22 Julai.

Hii lazima niiandike hata kama nina usingizi. Maige kaenda kwa mganga! Mtu anayesimama jukwaani akihubiri kwamba Babiloni itaanguka, kachanjwa chale kifuani na kupewa dawa ya mvuto, ile wazee wetu wanaiita samba, wanayojipaka manju wa ngoma ili watu wawafuate wao. Anatembea nayo kwenye pembe ndogo ndani ya suruali. Leo alipokuwa akiruka imemchoma, akatua na mguu mmoja.

Muhidin kacheka mpaka kadondosha kijiti. Mimi pia nilicheka, nikasahau kidogo. Halafu Maige akachechemea mpaka kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shigela, naogopa kwenu. Wanasema watu wa kule wakikukataa hawakurushii mawe, wanakupa mgongo tu. Ni kweli?"

Nikamwambia si kweli, ni watu wapole sana.

Ni kweli kabisa.

Jumamosi, 29 Julai.

Muhidin amejua.

Nilijaribu mara moja tu mazoezini, kipigo kimoja, kuona mkono utatii. Dramu na besi ni kama mke na mume, ukivuta blanketi mwenzio anaamka. Baada ya mazoezi akanifuata kwenye bomba la maji.

"Unapanga nini?"

"Sipangi kitu."

"Shigela, mimi nakaa nyuma yako miaka mitatu. Hata ukitaka kupiga chafya najua kabla yako. Unataka kumwachia Maige hewani."

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza habari za mama, foleni ya mzani, pole ya Paskazia. Akanisikiliza vizuri, maana Muhidin ana adabu, kalelewa madrasa. Kisha akasema, "Mama yako namheshimu. Lakini nina watoto watano, na mke wangu Mwaija ana mimba. Vyombo vikiuzwa mimi nitapiga nini, tumbo? Halafu usinifanye nikaongea, bwana. Nyani haoni kundule."

"Unamaanisha nini?"

"Unajua ninachomaanisha. Mwezi wa pili nilikuwepo." Akajifuta uso. "Ukinyamaza nyamaza. Mimi sitanyamaza. Dramu yangu itaendelea."

Nikamwita mbwa wa Maige. Amejaza ndoo yake, ameondoka, na sasa hatusalimiani.

Jumanne, 1 Agosti.

Queen ana mafua. Nilimnunulia limau, nikalila mwenyewe.

Jumapili, 6 Agosti.

Wiki moja. Leo Maige kaimba Maige kasema mara tatu kwa maombi ya watu. Nilimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mbuzi wa Krismasi.

Jumatatu, 14 Agosti. Kwenye kivuko, tunarudi.

Naandika kabla hatujafika ng'ambo.

Tulifika Nyamizeze jana saa sita mchana. Uwanja wa shule umejaa, watu wametoka hadi Busisi kwa baiskeli, watatu watatu. Dhahabu Sound wameshajipanga upande wa mashariki, spika zao nne zimepangwa ghorofa. Sisi mbili. Jenereta ya mzee ikagoma, ikapigwa mateke, ikawaka. Wanawake wa kwetu walikuja na majembe mabegani kama wanavyokwenda kwenye ngoma ya mavuno siku zote. Wazee walikaa katikati ili waweze kugeuza shingo pande zote mbili. Mama alikaa mbele kabisa upande wetu, kitenge kipya, Paskazia ubavuni mwake. Hakunipungia.

Saa tisa mwenyekiti wa kijiji akashusha kitambaa, bendi zote mbili zikaanza. Hujawahi kusikia fujo namna ile. Wa Geita walipiga vizuri, nisiwanyime haki yao. Watu wakaenda kwao, wakarudi kwetu, wakaenda tena, vumbi linafuata miguu. Saa kumi na moja tulikuwa sawa kwa sawa. Mzee Josephat alikuwa amevua koti, anapanda juu ya gari kuhesabu vichwa na kushuka.

Ndipo Maige akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa ule wenyewe!"

Tukaingia. Nilipiga beti ya kwanza kama sijawahi kupiga. Nilitaka wazoee utamu wangu, ili nikiuondoa waumie. "Mpini umevunjika, shamba halijaisha." Rasta zinarushwa. Pembe ndani ya suruali. Gitaa likanyamaza, kinanda kikanyamaza. Maige akanyoosha mkono juu: "Nani kasema?"

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi.

Wee! Niliona kila kitu. Niliona shingo yake ikigeuka kunitafuta. Mdomo ulikuwa wazi, ikatoka "Mai..." nyembamba, kama ya mwana mbuzi. Queen aliyapeleka macho kwa Maige, kwangu, kwa Maige. Na watu wa pembeni, nakuapia, walianza kugeuza migongo. Geita wakasikika uwanja mzima. Nilikenua meno. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, nilikuwa nalisubiri pigo lile moja.

Kasoro Muhidin. Muhidin alikuwa anaendelea. Teke la dramu, du, kisha kimya, du, kisha kimya, peke yake. Nikamgeukia nimtoboe kwa macho. Hakunitazama. Alikuwa anawatazama wale wanawake wenye majembe.

Mimi, mjinga mimi, mtoto wa Mhoja, nimeitoa besi ile kwenye itikio la wakulima halafu nikasahau kwamba wakulima wenyewe wamesimama pale. Nafasi niliyoiacha ilikuwa yao tangu mwanzo. Na lile teke la dramu lilikuwa linashuka pale pale jembe linaposhuka.

Paskazia ndiye aliyeanza. Bibi wa miaka sitini na kitu, meno manne. "Mhoja kasema!" Jembe likashuka, du. Wa pili akadaka. Halafu wote, mia, mia tatu, sijui, wazee, watoto niliowafukuza kwa fimbo, wote: "Mhoja kasema! Mhoja kasema!" Majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja juu ya dramu ya Muhidin, ardhi ya uwanja wa shule inachimbika. Walimu wenyewe walikuwa wanaimba. Watu wa upande wa Geita waliposikia wakaja mbio, maana ule ni wimbo wao na jina ni lao. Mwimbaji wa Dhahabu Sound alivua gitaa lake, akaja kusimama na watu wake kutazama.

Maige akajaribu beti ya pili. Alipofika penye jina akasema Maige kasema kwa nguvu zake zote, na vipaza sauti, na samba, na chale. Haikusikika. Iliondolewa kama taka inavyoondolewa na mto. Wanawake wakacheka, wakamwonesha kwa midomo. Akaimba mpaka sauti ikakatika bila pilipili ya mtu, kisha akasimama akiwa kashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka.

Alilia. Mbele za watu. Nimeandika.

Na tumeshinda! Kichekesho ndicho hicho. Jua lilipozama Geita walibaki na mbwa wawili. Mzee Josephat alinikumbatia mimi, akaniambia ule ukimya ulikuwa ufundi wa hali ya juu, tuufanye kila siku. Vyombo haviuzwi. Muhidin yuko pale mbele ya kivuko, anakula ndizi, bado hatusemeshani.

Jina la mama limerudi. Nimetimiza.

Jumanne, 15 Agosti.

Usingizi hakuna.

Jumatano, 16 Agosti.

Usingizi hakuna.

Alhamisi, 17 Agosti.

Niliandika kwamba nimeandika. Sikuandika yote. Daftari langu mwenyewe, hakuna anayelisoma, na bado nimelidanganya kama nilivyolidanganya tangu ukurasa wa kwanza.

Wimbo ulipoisha wanawake walimbeba mama wakamleta mbele. Maige akashuka jukwaani. Nilifikiri atakimbia. Alikuja moja kwa moja mpaka miguuni pake, akapiga magoti kwenye vumbi na rasta zake.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Jina langu lilikukosea nini, mwanangu?"

"Sikulijua, mama. Haki ya Mungu tena, sikujua kuna Mhoja." Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini watu walikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Mimi nilipoupokea wimbo huu, pale palikuwa panasemwa Shigela kasema. Shigela alituambia kautunga yeye. Ni kweli niliiba, mama. Lakini nilidhani naiba cha Shigela."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa pili, mazoezini, niliwaimbia wote na jina langu ndani. Queen akafundishwa kuitikia Shigela kasema, na akaitikia vizuri. Niliwaza kwamba mama ni mzee, yuko shamba, kanda hana, redio hana, atajuaje? Niliwaza kwamba ni mama yangu, chake ni changu. Watu wa Buhongwa walipiga makofi usiku wa kwanza tulipoupiga, wakaniita kwa jina, na nikalala nikiwa mtunzi. Wiki tatu nilikuwa mtunzi. Kilichoniuma pale kwenye kibanda cha kanda, nikiwa na mapanki mkononi, niseme ukweli sasa, hakikuwa jina la mama. Nilikuwa nalitafuta langu.

Queen aliinamisha kichwa. Muhidin alikuwa anakaza skrubu ya dramu ambayo haikulegea. Walijua wote, siku zote, jina nililoliweka, na hakuna aliyenisema. Muhidin niliyemwita mbwa alikuwa na ulimi mdomoni akaumeza, na dramu yake ndiyo iliyomrudishia mama jina ambalo mimi nilikuwa nimekwisha kulifuta.

Mama alimwinua Maige, akamkung'uta vumbi magotini kama anavyomkung'uta mjukuu. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, heri angekuwa nayo. Alinitazama kama alivyonitazama juu ya gunia la pamba siku ile, anasubiri, na nikaelewa kwamba siku ile pia alikuwa anajua.

"Ng'wanone," akasema. "Nani kasema?"

Uwanja mzima ulikuwa pale. Nilinyamaza, na safari hii hakuna aliyeniitikia.